Boriti Tano na Soda Moja

Mume wangu amebakiwa na neno moja tu, na neno lenyewe ni soda. Kiharusi kilimkuta asubuhi akifunga kamba za viatu, kikamfagilia maneno yake yote, ya hasira na ya mapenzi, majina ya watoto, hata jina langu, kikamwachia hilo moja. Akitaka maji, soda. Akitaka kugeuzwa ubavu, soda. Nikichelewa kumfuta mdomo ananikazia macho, "Soda!" na hapo najua nimetukanwa. Wageni wanaokuja kumjulia hali mara ya kwanza hutoka mbio hadi dukani. Wameshaleta chupa mpaka chini ya meza hapana pa kunyoosha mguu, na yeye hajagusa hata moja.

Wanaomjua hawashangai kwa nini likawa hilo na si jingine. Ndilo neno alilolisema kuliko yote maishani mwake, kwa sauti kubwa na kwa raha. Lakini nisikimbie. Niwaeleze kwanza kazi yake, maana balaa letu lote limetoka kwenye kazi.

Alikuwa akitengeneza boriti za mbao zisizo za mbao. Mtu ana nyumba mpya, dari imenyooka, nyeupe, haina habari; anataka ionekane kama nyumba ya mababu. Mbao za kweli za unene ule ni adimu, na ukizipata zinataka ukuta wa kuzibeba. Basi anaitwa mume wangu. Anakwenda na futi yake na penseli sikioni, anapima, anarudi, na baada ya wiki tatu mtu yule anakaa chini ya boriti za miaka mia zilizozaliwa mwezi uleule. Zote jipsamu. Mimi vumbi lile jeupe nimelifua, nimelipangusa, nimelinywa kwenye chai miaka thelathini na moja.

Anaanza na boriti moja ya kweli, kongwe, yenye nyufa na vifundo. Anaipaka mpira wa maji, tabaka juu ya tabaka, siku tatu nne, ukishakauka anaubandua wote kama unavyovua soksi iliyolowa. Hiyo ndiyo kalibu. Anailaza kwenye kitanda chake, anakoroga jipsamu kwenye ndoo, na hapo usimsemeshe, maana jipsamu haimsubiri mtu. Ukigeuka kupiga chafya imeshaganda na mwiko ndani. Anamimina, anatandaza nyuzi za katani ili isipasuke, analaza ubao mwembamba katikati uwe mfupa wake, anamimina tena. Kesho yake inatoka nyeupe pe pe pe, na kila mkwaruzo wa ile mbao umo.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. "Wajinga wanapaka kahawia," alikuwa akisema. "Mbao si kahawia. Itazame vizuri." Yeye alikuwa na makopo manne: njano ya uji, nyekundu ya tofali, kijivu, na nyeusi nyepesi kama maji ya masizi. Njano kwanza, kwa sponji. Nyekundu inafuata, inapakwa na kufutwa palepale na kitambaa, ibaki kwenye mistari tu. Kijivu anakipitisha kwa kitana kikuukuu cha nywele. Nyeusi inateleza yenyewe mpaka ndani ya nyufa. Magauni yangu mawili yamekufia kwenye kazi ile ya kufuta, na moja lilikuwa bado zima. Mwisho kabisa anachukua mswaki, anauchovya kwenye rangi, anaukwangua kwa kidole, na matone yanaruka yanakuwa vitundu vya wadudu. Nilikuwa namwambia, "Wenzako wanawaua wadudu, wewe unawachora." Anacheka mpaka mswaki unamponyoka.

Sasa, sebuleni kwetu kuna boriti tano. Sebule hiyo ndiyo iliyokuwa duka lake na uwanja wake wa michezo. Mgeni hajakaa vizuri ameshaulizwa: "Nne ni jipsamu, moja ni mbao ya kweli. Ipi?" Mgeni anatazama, anaomba kigoda, anapanda, anagonga kwa vidole ngo, ngo, ngo. Hasaidiki. Mume wangu alikwishaeleza kwamba ile ya kweli ameivika ngozi ya jipsamu juu, ili wenye masikio wasimpunje. Mgeni anachagua. Na yeye anapiga makofi, sauti inafika barabarani: "Umekosa! Soda!" Na sheria ilikuwa moja: aliyekosa aende dukani mwenyewe, kwa miguu yake. Kutuma mtu hakuhesabiki.

Jirani yetu seremala amekosa mara saba. Huyu bwana amezaliwa kwenye maranda, anakuambia umri wa mti kwa kulamba, na alikuwa akimwita mume wangu Fundi Uji kwa ajili ya ndoo zake zile za kukoroga. Lakini kila alipoingia kwetu alitoka kwenda dukani huku ananung'unika. "Shemeji," alikuwa akiniambia, "mumeo ana jini."

Mimi sikucheza hata siku moja. Na sababu ninayo.

Ile boriti ya kweli ilikuwa ya nyumba ya baba yangu. Barabara ilipopanuliwa nyumba ikavunjwa. Kaka zangu waligawana mabati, milango na madirisha, na mimi, mtoto wa kike, nikaulizwa mwisho kama kuna ninachokitaka, wakijua wazi hakuna kilichobaki. Nikasema nataka boriti ya sebuleni. Waliangua kicheko. Kwenye boriti ile baba alikuwa akitundika taa, na chini ya taa ile alinifundisha kusoma, kidole chake kinatembea chini ya mstari na mimi ninakifuata. Hakuniachia kitu kingine duniani.

Mume wangu hakucheka. Alikwenda mwenyewe na mkokoteni, akaifunga kwa kamba, akaisukuma mji mzima, akaiingiza kwenye banda lake nyuma ya nyumba. "Nitakuwekea juu ya kichwa chako," akaniambia. "Utakuwa unakaa kwa baba yako na kwa mumeo kwa wakati mmoja." Nikaenda kumuuguza mama miezi miwili, mpaka nikamzika. Niliporudi nikakuta boriti tano darini, zinafanana kama mapacha. Nikamuuliza, ya baba ni ipi? "Itafute," akasema. "Ukiijua utaizoea, na kitu kilichozoeleka hakitazamwi." Nilinuna wiki nzima. Halafu nikaiona.

Ilikuwa ya tatu, ya katikati, sawia juu ya kiti changu. Ina tundu la ile kulabu ya taa, na pembeni ya tundu kuna mbonyeo kama ukucha wa gumba, mahali ambapo baba alipiga nyundo akakosa. Nililijua tundu lile kama ninavyoyajua meno yangu. Nikanyamaza. Nilimwona anavyofurahia siri yake, nikasema moyoni, mwache, mwanamume apewe kitu kimoja cha kunishinda. Miaka ishirini na miwili nikawa nanyanyua macho kila jioni nikishona, namsalimia baba yangu kimyakimya.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo kiharusi kilipokuja. Kilichukua upande wa kulia, mkono na mguu, na ndio mkono wa mswaki na sponji. Mlango wa chumbani ni mwembamba, kiti cha magurudumu hakipiti, kwa hiyo kitanda tukakileta sebuleni. Akawa analala chali kutwa nzima anazitazama boriti zake.

Dada wa mazoezi alikuja siku ya tisa, binti mdogo mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Akamnyoosha, akamkunja, akamfinya vidole kimoja kimoja. Akanivuta pembeni. "Mama, nisikufiche. Miezi mitatu hii ya mwanzo ndiyo yenye maana. Mkono utakachokipata ndani ya miezi mitatu ndicho utakachobaki nacho. Baada ya hapo tutakuwa tunatwanga maji."

Akanieleza kinachotakiwa: kapi linaning'inia juu mbele ya kiti, kamba imepita ndani yake, mpini huku na mpini kule. Mkono mzima unavuta, mkono mgonjwa unapanda. Mwili wote unajining'iniza mle polepole mpaka unakumbuka. "Lakini pa kutundika pawe imara, mama. Pabebe mtu. Kama hamna, yuko fundi wa kuchomea anayetengeneza fremu za chuma."

Nilicheka. Mimi, mke wa boriti tano, mtoto wa yule mzee, ninunue chuma! "Mwanangu," nikamwambia, "juu yetu hapa kuna mbao iliyobeba nyumba ya baba yangu miaka sitini. Fremu wapelekee wasio na kwao."

Ingawa nilijua ni ya tatu, nilitaka aifichue mwenyewe. Nilitaka siri yake ife kwa heshima, si kwa kuvuliwa. Nikachukua ufagio, nikasimama karibu na kitanda chake, nikaelekeza mpini juu ya ile ya kwanza kutoka dirishani.

"Baba watoto, mchezo umekwisha. Tunatafuta pa kukutundikia kamba, upone. Ya kweli ni hii?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Hii?"

Hapana.

Nikafika kwenye ya tatu, nikatabasamu kabisa. "Basi hii."

Hapana! Akatikisa kichwa mpaka mto ukaanguka, mate yanamtoka, machozi yanamtoka, "Soda! Soda! Soda!" Nikamfuta, nikambembeleza, nikaenda ya nne. Hapana. Ya tano. Hapana.

Nikaketi kitandani nikalia. Dada wa mazoezi alikwishanionya kwamba wagonjwa wa namna hii ndiyo na hapana zao hubadilishana, nisizitegemee sana. Na kweli, jana yake tu nilimuuliza kama anataka chai akakataa, nikampa akainywa yote na kikombe akakililia. Nikajisemea, maskini, hata boriti zake mwenyewe hazijui tena.

Tukamwita seremala. Alipanda ngazi, akachungulia kwanza juu ya dari kupitia kile kitobo cha pembeni. "Shemeji, kenchi usizitegemee. Nyembamba, zimeachana mbali, zinabeba bati tu na bado zinalalamika." Nikamwonyesha ya tatu. Akatazama lile tundu la kulabu, akapiga paji lake la uso. "Ala! Mara saba nimetumwa dukani, na tundu linanitazama!"

Akatia keekee. Vumbi jeupe likashuka kwanza, na hilo hatukulishangaa, si ngozi ya jipsamu? Keekee ikazama zaidi, na mara yakaanza kushuka maranda ya kahawia, yaliyojikunja, ya mbao kweli. Nikapiga kigelegele. Seremala akayadaka kiganjani, akayanusa, akafumba macho kwa utaalamu wake wote. "Mbao ya zamani hii. Mbao hasa. Siku hizi hazipo." Akafunga kulabu, akaivuta kwa mikono miwili, ikatulia. Kitandani mume wangu anatikisa kichwa, anapiga godoro kwa mkono wake wa kushoto, "Soda, soda." Seremala akamcheka kwa upendo. "Leo huli soda ya mtu, Fundi Uji. Leo nimekupata."

Siku ya kwanza mume wangu aliukataa mpini. Nikaufunga mkono wake mgonjwa kwenye mpini kwa kitambaa. Siku ya pili alikataa tena, nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea mgonjwa, sitaki kujisafisha. "Ukaidi wako ule wa miaka thelathini na moja usiniletee hapa! Vuta! Unataka nikuoshe mpaka tufe?" Akavuta. Anavuta na macho hayamtoki kwenye kulabu. Mimi nikadhani anamtazama baba yangu, nikafurahi. Siku ya nne mkono ukafika usawa wa kifua. Siku ya tano kidole cha shahada kikajikunja chenyewe, nilikiona kwa macho yangu mawili, na dada wa mazoezi naye alikiona, akaruka kama mtoto. Nikampigia simu kila mtu ninayemjua.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, alikuwa amejiinamisha mbele, uzito wake wote uko kwenye kamba kama alivyofundishwa. Nilisikia mlio mdogo, kama wa mtu anayevunja biskuti. Kisha boriti ya tatu ikakatika katikati, nusu yake ikashuka pamoja na kulabu na kapi, ikapasukia sakafuni mbele ya miguu yake, na yeye akaenda nayo. Chumba kikajaa moshi mweupe. Nikawa napapasa nikiita, na sauti inayojibu kutoka chini ni ileile, soda, soda, taratibu, kama mtu anayehesabu.

Alivunjika? Hapana. Bega la upande mgonjwa liliteguka. Hospitali wakalirudisha, wakaufunga mkono kifuani, wakasema wiki sita usiguswe. Miezi mitatu toa wiki sita, na zilizokwishapita, hesabu mwenyewe.

Kesho yake nikapiga magoti kufagia. Vipande vilikuwa vyeupe ndani, vyeupe mpaka katikati, na katikati palikuwa na ule ubao mwembamba, mfupa, upana wa vidole viwili, umetobolewa na keekee na kupasuka. Ndiyo hiyo mbao ya zamani ambayo siku hizi haipo. Nikaokota kipande chenye tundu la kulabu na mbonyeo wa nyundo ya baba. Nikakigeuza. Jipsamu.

Nikapanda kigoda na kisu cha jikoni. Ya pili: nikapapasa katikati yake, nikakuta mahali palipojazwa puti na kupakwa rangi vizuri sana. Nikakwangua. Puti ikatoka, na ndani kuna tundu la kulabu, na pembeni ya tundu, mbonyeo wa ukucha wa gumba. Ya nne, vilevile. Ya kwanza na ya tano, vilevile. Zote tano ni boriti ya baba yangu, na hakuna hata moja iliyo yake. Mke wa fundi wa kalibu mimi! Nimeona mpira ukibanduliwa mara mia, nimeona unavyobeba kila mkwaruzo na kila tundu la msumari, na bado tundu likanidanganya miaka ishirini na miwili. Nne alizijaza. Ile iliyo juu ya kiti changu aliiacha wazi, makusudi, ili niione.

Nikashuka, kisu mkono mmoja na kile kipande mkono wa pili. "Boriti ya baba yangu iko wapi?"

Hakusema soda. Alinyoosha mkono wake mzima mpaka ukingo wa kitanda, akachota vumbi lililokuwa limetuama pale, akalinyanyua, akaliachia lipite katikati ya vidole.

"Mchwa?"

Akainamisha kichwa.

"Tangu lini? Ulipoileta?"

Akainamisha tena. Nikaelewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Aliisukuma mji mzima, akaifungua bandani, akakuta ndani ni unga. Kilichobaki kilikuwa ganda tu. Akalipaka mpira kabla halijamfia mikononi, akaichukua sura yake, na mimi niko kwa mama nauguza. Na niliporudi nimechoka, nimetoka kuzika, angeniambia nini?

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na miwili, na ningependa kumwona aliyesema hivyo. Nilimwambia yote siku ile. Nilimwita tapeli, nilimwita jizi la soda za watu, nilimwambia wageni wote wale hakuna hata mmoja aliyekuwa na njia ya kushinda. Nilimwambia nimemsalimia jipsamu kila jioni kama mwendawazimu. Nilipiga kelele mpaka seremala akaja mlangoni, akaona kipande mkononi mwangu, akageuka akaenda zake. Na katika ndoa yetu yote sijawahi kugombana naye bila kujibiwa. Alikuwa na mdomo, yule bwana! Nikisema moja anatoa tatu. Sasa nilikuwa nasema na kungoja, nasema na kungoja, na pale pa kungojea hapakuwa na kitu. Ugomvi ule nilioushinda unaniuma kuliko yote niliyoshindwa.

Fremu ya chuma ilikuja. Fundi wa kuchomea aliifunga vizuri, ingebeba ng'ombe. Bega lilipofunguliwa dada wa mazoezi akampa mpini. Mume wangu akaitazama kamba, akatazama juu, akageuzia uso ukutani. Tulimbembeleza, tukamtania, tukamnunia. Nilijining'iniza mwenyewe kwenye fremu, mtu mzima na mwili wangu huu, "Ona, haianguki!" Hakugeuka. Kile kidole cha shahada hakikujikunja tena.

Wiki iliyopita dada wa mazoezi alimkunja, akamnyoosha. Sauti ya jeshi haikuwepo. "Mama, mkono ndio huu. Tutautunza usikakamae." Akanishika bega, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Nilikaa. Halafu nikavaa viatu, nikaenda dukani kwa miguu yangu. Zile chupa za chini ya meza hazifai, za kuletwa hizo. Nikanunua moja, nikarudi, nikavuta kiti changu kando ya kitanda, nikaifungua, nikaiweka kwenye kile kimeza chake.

"Nimekosa," nikamwambia. "Nilichagua ya tatu, siyo. Chukua, haki yako."

Akaitazama chupa. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaisukuma taratibu mpaka upande wangu.

"Soda," akasema.

Nikamrudishia. Akaisukuma tena. Asingeweza kuila haki ile, alijua mwenyewe mchezo wake ulivyokuwa. Nikaikamata chupa. Nikamwambia, "Ungeniambia tu, mume wangu. Hukuniambia miaka yote hiyo, sawa. Lakini mkono wako! Kabla sijakufunga kwenye kamba ile, ungeniambia tu."

Akanitazama. Akainua mkono wake mzima, akaelekeza kidole kwenye boriti ya kwanza kutoka dirishani, akatikisa kichwa. Akakisogeza kwenye ya pili, akatikisa kichwa. Akakisogeza pale penye pengo, mahali ilipokuwa ya tatu, akatikisa kichwa, polepole, macho yako kwangu. Ya nne. Ya tano.

Kisha akaurudisha mkono kifuani. Na mimi mwenye mdomo mzima nikaiinua chupa, nikanywa.